Kufunga msimu wa ligi ya besiboli ya dadu: hesabu kwanza, kombe baadaye

Ligi ya besiboli ya mezani, inayochezwa kwa dadu na kadi za wachezaji, ya timu 8, kila timu ikicheza mechi 42, ina mechi 168. Kwa Mtwara nafasi yake nzuri ni kuanzia Februari hadi katikati ya Mei: minada ya korosho imeshapita, mvua zinawaweka watu barazani, na raundi tatu kila mwisho wa wiki zinatosha kuimaliza kwa wiki 14. Dadu ya mwisho ikishatulia, kila meneja anataka kusikia jambo moja tu, kombe linakwenda wapi. Msimamizi asijibu siku hiyohiyo. Ana kazi ya siku mbili tatu ya kuhakiki, na kazi hiyo ina mpangilio wake: ligi nzima kwanza, timu zifuate, mchezaji mmoja mmoja mwisho kabisa.

Mpangilio huu una sababu ya kihesabu. Jumla kubwa haziyumbi, jumla ndogo huyumba sana. Kwa hiyo ligi nzima ndiyo inayokuambia kama kadi na dadu zilifanya kazi, na mchezaji mmoja hawezi kukuambia hilo hata kidogo. Anayeanza na mchezaji, akauliza mbona fulani kapiga vibaya, ataishia kurekebisha kadi isiyo na kasoro, na msimu unaofuata utaharibiwa na marekebisho hayo.

Kadi na dadu

Asiyeujua mchezo ashike haya machache. Timu mbili hupokezana kupiga. Kila moja hupiga hadi watu wake watatu watoke auti, ndipo wabadilishane. Zamu za timu zote mbili zikikamilika, awamu moja imekwisha, na mechi ina awamu 9. Mpigaji akiupiga mpira akafika besi salama amepata hiti, ya besi moja, mbili au tatu. Mpira ukivuka uzio ni homurani, na wote waliopo kwenye besi wanarudi nyumbani, yaani mahali pa kupigia, pamoja naye. Mtupaji akikosa shabaha mara nne, mpigaji hupewa besi ya bure. Kila anayefika nyumbani ameandika mkimbio, na mikimbio ndiyo inayoamua mshindi.

Kila mchezaji ana kadi iliyotokana na takwimu zake za msimu mmoja wa kweli. Dadu tatu za rangi tofauti, nyekundu, nyeupe na bluu, husomwa kwa mpangilio huo kama tarakimu, kuanzia 111 hadi 666. Hapo kuna matokeo 216, na kutengeneza kadi ni kuyagawa matokeo hayo. Mchukue mpigaji Babe Ruth wa New York Yankees, mwaka 1927. Alikuwa na zamu rasmi 540 (mara alizosimama kupiga, bila kuhesabu besi za bure) na besi za bure 137, jumla zamu 677. Hiti zilikuwa 192: homurani 60, za besi tatu 8, za besi mbili 29, zilizobaki za besi moja. Alitolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa mipira mitatu mizuri, mara 89. Gawa kila namba kwa 677, zidisha kwa 216, kadiria: homurani 19, besi tatu 3, besi mbili 9, besi moja 30, besi za bure 44, straiki tatu 28, auti nyinginezo 83. Jumla 216 kamili. Kwa wachezaji wengine jumla itapungua au itazidi kwa moja kwa sababu ya kukadiria. Sawazisha kwenye auti za kawaida, usiguse homurani, maana nafasi moja pale ni homurani tatu kwa msimu mzima.

Dadu ya nne huamua kadi ipi isomwe: 1 hadi 3 ya mpigaji, 4 hadi 6 ya mtupaji. Hapa ndipo ligi nyingi changa huvunjika. Kadi ya mpigaji inasomwa nusu ya mara tu, kwa hiyo namba zake lazima ziandikwe mara mbili, kisha utoe wastani wa ligi. American League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani (nyingine ni National League), mwaka 1927 ilikuwa na homurani takriban 2 kwa kila zamu 216. Kadi ya Ruth basi inabeba 19 mara 2 toa 2, yaani 36, ambayo ni kila tokeo linaloanza na dadu nyekundu ikionyesha 1. Ukisahau hatua hii ukaandika 19, nusu nyingine ya mara atasomewa kadi za watupaji zenye 2, atabaki na 10.5 kwa wastani, na Ruth wa homurani 60 atakuwa mtu wa homurani 33. Balaa haliishii kwake. Kila nyota hushushwa kuelekea katikati, kila dhaifu hupandishwa, timu zote hufanana, na msimamo huandikwa na bahati tupu. Kadi ya mtupaji hutengenezwa kwa njia ileile ya mara mbili toa wastani.

Mgawanyo huu wa nusu kwa nusu ndio uliomo katika Strat-O-Matic, mchezo wa Hal Richman wa mwaka 1961. APBA, uliotoka miaka kumi kabla yake, husoma kadi ya mpigaji peke yake na kumpa mtupaji daraja. Sisi tunapenda wa Richman kwa sababu mtupaji anaonekana mezani: mtu akishika kadi ya mtupaji mkali kama Bob Gibson, anayekabiliana naye anajua nusu ya dadu zake si zake.

Kuna kikwazo kimoja cha hesabu hiyo. Mpigaji asiye na homurani hata moja, katika ligi yenye wastani wa 5, anatoka na 0 toa 5, na kadi haiwezi kuwa na nafasi hasi. Mwandikie 0, kisha weka alama ndogo kwenye kona ya kadi yake. Homurani ikitoka kwenye kadi ya mtupaji dhidi ya mwenye alama hiyo, isomwe kuwa hiti ya besi moja. Bila alama hiyo, wapigaji wepesi wa ligi nzima watagawana homurani ambazo hawakuzipiga maishani mwao.

Wakimbiaji tunawaendesha kwa dadu moja tu. Hiti ya besi moja, mtu akiwa besi ya pili: 1 hadi 4 anafika nyumbani, 5 na 6 anasimama ya tatu. Auti ya kawaida: dadu ya bluu ikiwa witiri mpira umekwenda chini, ikiwa shufwa umekwenda juu. Mpira wa chini, mtu akiwa besi ya kwanza na auti hazijafika mbili, rusha tena: 1 na 2 wanatoka wote wawili. Haya yanatosha. Kila kanuni ya ziada huongeza dakika, na mechi ya nusu saa ikigeuka ya saa nzima ligi haifiki Mei.

Kukagua ligi nzima

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila meza iwe na kauntabuku mbili, moja ya kila meneja, na zisainiwe zote mbili mechi ikiisha. Kila karatasi ya mechi ina kipimo chake cha ndani: zamu za timu ni sawa na auti zake, jumlisha mikimbio yake, jumlisha watu waliobaki kwenye besi awamu zilipoisha. Timu yenye zamu 38, auti 27 na mikimbio 5 lazima iwe iliacha watu 6. Isipotimia, kuna zamu haikuandikwa au mkimbiaji amepotea, na ni rahisi kumtafuta jioni hiyohiyo kuliko Mei. Mwenyeji anayeongoza hapigi awamu ya 9, hivyo auti zake ni 24, na wengi husahau hilo wanapohakiki.

Msimu ukiisha, jumla za ligi lazima zifungane: ushindi 168 na vipigo 168, mikimbio iliyofungwa sawa na iliyofungwa dhidi ya watupaji, hiti za wapigaji sawa na hiti walizopigwa watupaji. Namba hizi hazina ruhusa ya kutofautiana hata kwa moja.

Kisha linganisha na matarajio. Mechi 168 zina zamu kama 12,800. Kama kadi zimetengenezwa kwa wastani wa homurani 5 kwa 216, tarajia homurani kama 296. Ziyumbe kiasi gani? Chukua idadi ya zamu, zidisha kwa uwezekano wa kupata, zidisha kwa uwezekano wa kukosa, tafuta kipeuo cha pili. Jibu hapa ni 17. Mara 95 katika 100, jumla hukaa ndani ya mara mbili ya kiasi hicho, yaani kati ya 262 na 330. Wastani wa upigaji wa ligi nzima (hiti gawa kwa zamu rasmi), ukiwa umepangwa 0.260, unatakiwa uangukie kati ya 0.252 na 0.268. Upana huo ni mdogo sana. Ligi ikimaliza na 0.275, usiitafutie bahati, tafuta kosa.

Makosa hayo yana makazi yake ya kawaida. La kwanza ni kadi ambazo hazikuzidishwa mara mbili. La pili ni dadu kusomwa ovyo, nyeupe ikitangulia kwa sababu ndiyo iliyotua karibu. Kwenye kadi ambayo homurani zimekaa mwanzoni na auti mwishoni, kosa hilo si dogo. La tatu ni mameneja kuwachezesha mno wachezaji wa muda mfupi, na hilo lina sehemu yake hapa chini. La nne ni dadu zenyewe.

Dadu za ludo za bei rahisi huwa na povu la hewa ndani, na upande wenye povu hupenda kukaa juu. Jaza glasi ya mililita 250 maji ya uvuguvugu, koroga chumvi hadi iache kuyeyuka, kama gramu 90. Huku pwani chumvi si tatizo. Tumbukiza dadu, ikielea igonge kwa kidole mara kumi. Ikirudisha uso uleule juu kila mara, itupe. Nyingine ni nzito na hazielei hata kwenye chumvi iliyokolea; hizo zirushwe mara 300 na kila uso uhesabiwe. Kila uso unatarajiwa mara 50. Unaopita 63 au kushuka chini ya 37 unatia shaka, rudia mara 300 nyingine. Shaka ikirudi kwa uso uleule, dadu hiyo haifai. Rushia ndani ya sinia lenye kitambaa, siyo juu ya mkeka ambapo dadu huegemea ukili na ugomvi ukaanza.

Nyakati zisizolingana

Ligi inayorudia msimu mmoja, tuseme timu 8 za American League 1927, haina tatizo hili. Ligi inayochanganya miaka inalo, na ndilo linalozaa ripoti za uongo.

Mwaka 1930 National League nzima ilipiga 0.303. Bill Terry wa New York Giants alipiga 0.401 mwaka huo. Mwaka 1968 American League nzima ilipiga 0.230, na bingwa wake wa upigaji, Carl Yastrzemski wa Boston, alimaliza na 0.301, namba ndogo kuliko ya bingwa yeyote aliyewahi kuwapo. Ukiweka kadi zao kama zilivyo, Terry ni jitu na Yastrzemski ni mtu wa kawaida. Sasa gawanya kila mmoja kwa ligi yake: Terry ni mara 1.32 ya wastani wake, Yastrzemski mara 1.31. Katika ligi yetu ya 0.260 Terry anakuwa 0.344 na Yastrzemski 0.340. Wanalingana karibu kabisa.

Upande wa watupaji ni vilevile. Bob Gibson wa St. Louis alimaliza 1968 akiruhusu wastani wa mikimbio 1.12 kwa awamu 9, bila kuhesabu ile iliyotokana na makosa ya wenzake. Watupaji walitawala mno hata kilima cha mtupaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10 mwaka uliofuata, na eneo la straiki likapunguzwa. Kadi ya Gibson isiyosawazishwa ni upanga usio na ala. Hata hivyo, meneja wake asilalamike akipoteza mechi: Gibson mwenyewe, na hiyo 1.12, alishinda 22 akapoteza 9.

Kuzidisha kwa uwiano kunafaa hiti. Kwa homurani hakufai, na sababu yake ni Ruth. Ana 19 dhidi ya wastani wa 2, yaani mara tisa na nusu. Mpeleke kwa uwiano huo katika ligi yenye wastani wa 5, utapata 47 kwa 216, ambayo ni homurani 147 kwa zamu zake 677. Hakuna ligi inayobeba kitu hicho. Kwa homurani tunaongeza tofauti badala ya kuzidisha: 19, toa 2, jumlisha 5, anakuwa na 22, karibu homurani 69. Ni nyingi, lakini ni za binadamu. Kwa njia hiyo hata watu wa enzi za mpira mzito, homurani zilipokuwa adimu, wanapata haki yao. Chicago White Sox ya 1908 ilipiga homurani 3 mwaka mzima, timu nzima, na ukizidisha kwa uwiano namba ndogo kama hizo kosa dogo la kukadiria linageuka mlima.

Awamu za watupaji nazo zinatofautiana kwa enzi. Ed Walsh wa timu hiyohiyo ya 1908 alitupa awamu 464. Zipunguze kwa mechi 42 kati ya 154, anapata awamu 126, wakati timu nzima ina awamu 378. Mtu mmoja anachukua theluthi ya msimu. Mtupaji wa leo mwenye awamu 200 kwa mechi 162 anapata 52. Kuna wanaosema historia iheshimiwe, Walsh atupe zake. Sisi tunashikilia ukomo wa awamu 80 kwa yeyote, kwa sababu Walsh alizitupa dhidi ya wapigaji ambao hawakuwa wakivusha uzio, na mezani hakabiliani nao.

Wachezaji wa muda mfupi

Bob Hazle aliingia Milwaukee Braves mwaka 1957, akacheza mechi 41, akapiga hiti 54 katika zamu rasmi 134. Hiyo ni 0.403. Meneja mjanja humsajili kwa bei ya chini na kumpanga kila siku, na kwenye ligi ya mechi 42 anaweza kuubeba ubingwa.

Dawa ni mbili na tunatumia zote. Kwanza, ukomo wa zamu: za kweli, gawa kwa mechi za timu yake mwaka huo, zidisha kwa 42, ongeza asilimia 10. Hazle anabaki na zamu rasmi 40. Pili, kadi zote za wenye zamu chini ya 300 huchanganywa na zamu 200 za mchezaji wa wastani kabla ya kuandikwa. Kwa Hazle: hiti 54 jumlisha 52, gawa kwa zamu 334, unapata 0.317. Bado ni mzuri, lakini si mzimu.

Sheria hii inahitaji uangalifu kwa wachezaji wa Negro Leagues, ligi za Wamarekani weusi waliofungiwa mlango wa ligi kuu hadi Jackie Robinson alipoingia Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947. Ligi kuu ilizitambua ligi saba za miaka 1920 hadi 1948 mnamo Desemba 2020, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi kwenye rekodi. Hivyo Josh Gibson ndiye anayeongoza wastani wa maisha, 0.372, akimpita Ty Cobb, na 0.466 yake ya 1943 ndiyo kubwa kuliko zote za msimu mmoja. Misimu yao rasmi ilikuwa mifupi, kwa hiyo sheria ya zamu 300 ingemkata Gibson kama inavyomkata Hazle, na hiyo si haki: Hazle ana wiki chache nzuri, Gibson ana miaka. Kwa wachezaji hawa kadi itengenezwe kwa misimu mitatu mfululizo iliyojumlishwa, na ukomo wa zamu uhesabiwe kwa mechi ambazo timu yake ilicheza kweli. Tunasisitiza hili kwa sababu ligi nyingi za meza humwacha nje kwa kisingizio cha data chache, na meza isiyo na Josh Gibson haina haki ya kujiita ya kihistoria.

Takwimu zote hizi zinapatikana bure. Retrosheet, iliyoanzishwa 1989, ina rekodi za mechi moja moja, na hifadhidata ya Sean Lahman ina misimu ya wachezaji kwa faili zinazofunguka kwenye programu yoyote ya jedwali, hata ya simu. Pakua mara moja bando likiwepo, kisha umeme ukikatika kazi inaendelea kwa karatasi.

Msimamo na ukweli wa timu

Waliozoea pointi tatu za soka huuliza kwanza pointi ziko wapi. Besiboli kwa kawaida haina sare, kwa hiyo msimamo husomwa kwa asilimia ya ushindi na kwa mechi za nyuma: tofauti ya ushindi jumlisha tofauti ya vipigo, gawa kwa mbili. Timu ya 25 kwa 17 iko mechi 3 nyuma ya ya 28 kwa 14.

Baada ya msimamo weka safu mbili, mikimbio iliyofunga na iliyofungwa. Kanuni ya Bill James, mwandishi wa takwimu za besiboli, inasema: zidisha mikimbio iliyofungwa na timu kwa yenyewe, gawa kwa jumla ya hiyo na mikimbio ya wapinzani iliyozidishwa vivyo hivyo. Unapata sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda. Mfano bora ni Philadelphia Phillies ya 1930. Timu nzima ilipiga 0.315 na kufunga mikimbio 944, lakini ilifungwa 1,199, ikamaliza ya mwisho kwa ushindi 52 na vipigo 102. Kanuni inatoa karibu ushindi 59. Kwa hiyo Phillies walikuwa wabovu kweli na juu ya ubovu wakakosa bahati ya mechi 7, na ripoti nzuri husema yote mawili kwa kuyatenganisha. Meneja anayeisajili timu hiyo kwa sababu ya 0.315, bila kutazama upande wa watupaji, atamaliza mahali palepale ilipomalizia.

Kwa mechi 42 timu ya nguvu sawa na wenzake huyumba kwa mechi 3 na kidogo. Yaani timu ya kweli ya 21 kwa 21 inaweza kumaliza popote kati ya ushindi 15 na 27 bila mtu kukosea chochote. Bingwa aliyeongoza kwa mechi 2 ni bingwa halali na apewe kombe, ila ripoti isiandike kwamba aliwazidi wenzake. Bingwa aliyeongoza kwa mechi 9, na kanuni ya mikimbio ikakubaliana naye, huyo aliwazidi.

Mchezaji mmoja mmoja

Mwenye kadi ya 0.300 na zamu rasmi 170 anaweza kumaliza kati ya 0.230 na 0.370. Upana huo huwashangaza watu kila msimu. Mwenye kadi ya 0.320 akimaliza na 0.400, usiikague kadi yake: katika wapigaji 72 wa kawaida wa ligi, mmoja kufika hapo ni jambo la kutarajiwa. Hata ukiurudia msimu mzima wa 1927 kwa zamu zote 677, homurani za Ruth zitaangukia popote kati ya 45 na 75.

Kwa sababu hiyo kila jina kwenye orodha ya vinara liandikwe na namba mbili, alichofanya na alichotarajiwa na kadi. Msomaji ataona mwenyewe nani alibebwa na dadu na nani alitumiwa vizuri na meneja wake. Kazi ya meneja inaonekana kwingine: nafasi ya mchezaji kwenye safu ya wapigaji, mtupaji kutolewa mapema au kuchelewa, na zamu za ukomo kutunzwa kwa ajili ya Aprili na Mei. Meneja aliyefika raundi ya 38 na mdakaji wake wa kwanza (anayedaka mipira nyuma ya mpigaji) ameshamaliza zamu ndiye aliyepoteza msimu, hata kama anailaumu dadu.

Fainali ziwe za mechi 7 zikiwezekana. Timu yenye nafasi ya 55 kwa 100 kila mechi hushinda mfululizo wa mechi 3 mara 57 au 58 kwa 100, na wa mechi 7 mara 61. Tofauti ni ndogo, ila ndiyo haki inayopatikana. Na hata mechi 7 zina mambo yake: mwaka 1960 New York Yankees walifunga mikimbio 55 dhidi ya 27 ya Pittsburgh Pirates, na kombe likaenda Pittsburgh.

Baada ya ripoti

Ripoti itumwe kwenye kundi kama maandishi, na msimamo kama picha moja ndogo, ili walio Newala au Ruangwa wenye mtandao hafifu wapate angalau maandishi. Iwe na mechi moja tu iliyosimuliwa zamu kwa zamu, iliyoamua msimu, na namba za dadu zilizotoka ziandikwe kando ili yeyote mwenye kadi aweze kuirudia mezani kwake.

Kadi zilizotumika zikaguliwe kabla ya kuhifadhiwa. Manila ya sentimeta 12 kwa 8 hujikunja kwa unyevu wa bahari, na kadi iliyojikunja hutambulika hata ikiwa imefunikwa, jambo baya siku ya kuchagua. Zipigwe plastiki au zitunzwe kwenye kopo lenye mfuniko mkavu.

Usajili wa msimu ujao unaendeshwa vizuri zaidi kwa zabuni za siri, utaratibu ambao mkulima yeyote wa korosho anaujua tangu stakabadhi ghalani ilipoanza 2007: kila meneja anaandika bei yake kwenye karatasi, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, ya juu inachukua. Bajeti ni pointi 1,000 kwa wachezaji 25, na sharti ni watupaji wasiopungua 9 na wadakaji 2. Bila sharti hilo kuna atakayemaliza pointi zote kwa wapigaji watatu, na sanduku likifungwa hana wa kutupa mpira. Zabuni zikilingana, apewe aliyemaliza chini zaidi kwenye msimamo uliohakikiwa. Kazi hii imalizike kabla ya Septemba, maana korosho zikianza kudondoka hutampata mtu mezani.